Kitufe cha Utulivu

Nchi ninayoisimulia haina jina, na msidhani nalificha. Kamati ya kuipa jina iliundwa siku ile tulipopata uhuru na mpaka leo inakaa. Kwa sasa sisi tunaiita Nchi Yetu, wageni wanaiita Nchi Yenu, na barua zinafika.

Mimi kazi yangu ni poda. Nimeajiriwa na Runinga ya Taifa kupaka nyuso za wakubwa zisimetemete mbele ya taa, na kwa kazi hiyo nimewaona viongozi wetu kwa karibu kuliko wanavyoonwa na wake zao. Ni watu wema. Wanatokwa na jasho kama sisi, na wengine hunijulia hali ya watoto. Nasema haya mapema ili mtu asije akaisikia habari ya mtambo wa vitufe akafikiri nina kinyongo. Sina. Mwenye kinyongo nchini kwetu hutakiwa akakiandikishe, na mimi sina muda wa kupanga foleni.

Mtambo wa zamani ulikufa mwanzoni mwa masika. Ulikuwa ubao wa vitufe uliokaa juu ya meza katika chumba cha kurushia matangazo, na kazi yake ilikuwa nyepesi kiasi kwamba hata mtu wa poda anaielewa. Kila kitufe kina picha yake. Ukibonyeza hiki, nchi nzima inaona studio. Ukibonyeza kile, inaona bunge. Kile kingine, mpira. Ulipokufa, Runinga ya Taifa ikabaki imeng'ang'ania picha moja, filamu ya kilimo bora cha muhogo, ikarudiwa asubuhi na jioni mpaka watazamaji wakaanza kuulizia hali za wale wakulima.

Serikali ikaagiza mtambo mpya kutoka ng'ambo. Ulikuja mweusi, umelala ndani ya sponji, upana wake kama sinia la kulia pilau, vitufe vinawaka taa za rangi. Ulikuwa na waya mmoja tu, wa kuuingiza kwenye mtandao, kwa maana ubao huu hauchezi na picha wenyewe. Unakaa ghorofani, na kupitia waya ule unaiamuru mitambo mikubwa iliyo chini ifanye kazi. Mkurugenzi Mkuu wetu, Bwana Lutengano, alipoelezwa hivyo alifurahi, akasema mtambo wa namna hiyo hautapata shida kuizoea nchi.

Aliyepewa kazi ya kuufunga ni Mhandisi Kalunde, mwanamke mrefu, mkimya, ambaye mama yake mzazi anaishi Bonde la Chini, kule chini ya bwawa kubwa. Hilo bonde lazima niwaeleze. Kila masika bwawa likijaa milango yake hufunguliwa, na kabla haijafunguliwa Runinga ya Taifa hukatiza kipindi chochote kile na kuonyesha ofisi ya bwawa, ambako msimamizi, Bwana Shomvi, husema: hameni, pandeni mlimani, maji yanakuja. Watu wanapanda na mbuzi wao, maji yanapita, wanashuka wanapalilia. Zamani kulikuwa na king'ora pia, lakini kilihamishwa kikafungwa kwenye gari linaloongoza msafara wa Waziri. Redio nayo iliunganishwa na runinga ili kubana matumizi, kwa hiyo siku zile ilikuwa inatangaza muhogo bila picha.

Kalunde hakutaka kitu kingine katika mtambo ule ila kitufe kimoja, cha kukatiza kipindi na kuleta picha ya bwawa.

"Vingine mpangiane mnavyopenda," aliniambia siku boksi lilipofunguliwa. "Hicho kimoja tu, kaka, kifanye kazi kabla Shomvi hajafungua milango."

*

Kwa maelezo yake, kuufunga mtambo ule ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Unaupa namba yake kwenye mtandao ili mitambo mingine iutambue. Unauwekea neno la siri. Unakiambia kila kitufe kionyeshe picha gani. Kisha unabonyeza kujaribu. Aliyasema haya mbele ya Bwana Lutengano, na Bwana Lutengano akamtazama kwa huruma, kama unavyomtazama mgeni anayeuliza basi linaondoka saa ngapi.

Namba ndiyo iliyotangulia kuleta maneno. Kila kifaa kwenye mtandao lazima kiwe na namba yake peke yake, visigongane. Bwana Chambuso, Afisa Mkuu wa Itifaki, mtu mnene mwenye sauti laini, akataka kujua ni kifaa gani kina namba ndogo kuliko vyote. Akaambiwa ni printa ya Mkurugenzi. Akashtuka. Mtambo ambao kidole cha Mlezi wa Taifa, kama tunavyomwita mkuu wa nchi, kingeugusa hauwezi kukaa nyuma ya printa, alisema. Hata ndoa zimevunjika kwa mambo madogo kuliko hayo. Bwana Lutengano naye hakuwa tayari kuona printa yake inashushwa cheo ilhali haijafanya kosa. Wakaafikiana kiungwana kwamba vyote viwili vipewe namba ileile. Kalunde akajaribu kueleza kwamba vitagombana, kimoja kikiamka kingine kitazimika, akaambiwa asiwe mtu wa kuona mabaya. Tangu hapo kila katibu muhtasi alipochapisha barua mtambo ulizimika taa. Ikapitishwa kwamba siku ya sherehe nchi isiandike barua.

Neno la siri lilichaguliwa na kikao, likasomwa kwenye taarifa za redio baada ya muhogo, ili asiwepo mwananchi wa kulalamika kwamba hakushirikishwa.

Kisha wakaja watu wa Usalama. Waliposikia kwamba ubao wa juu utazungumza na mitambo ya chini wakiwa wawili tu, bila mtu wa tatu, walitaka kuung'oa waya. Kalunde akawabembeleza mpaka wakakubali uachwe, kwa sharti kwamba afisa wao akae nao. Afisa mwenyewe ni kijana mstaarabu aitwaye Mbilizi. Aliletewa kigoda akakaa ngazini, sikio limeegemea waya, na kila jioni alipeleka taarifa kwamba waya haujasema kitu. Wakuu wake wakazidi kuutilia shaka.

Vitufe sasa. Vilikuwa vichache, mawaziri ni wengi, na kila waziri alitaka chake, hata kama wizara yake haina picha ya kuonyesha. Waziri wa Misitu alidai safu ya juu kwa kuwa misitu ni mirefu. Waziri wa Mila na Waziri wa Maendeleo hawakutaka kukaa jirani. Asiyekuwepo na lake halipo, kwa hiyo Waziri wa Afya, aliyekuwa anatibiwa nje ya nchi, alikosa. Kalunde aliwauliza kila mmoja kitufe chake kionyeshe nini, na wote, bila kuambizana, walijibu kionyeshe wao wakiwa ofisini. Akawapangia hivyo.

Kikabaki kitufe kimoja kwenye kona ya chini. Kalunde akaomba kiandikwe Tahadhari.

"Tahadhari ya nini, Mhandisi?" Bwana Chambuso aliuliza. "Kwani kuna nini?"

"Bwawa linajaa, Bwana Chambuso."

"Bwawa kujaa ni mafanikio. Tulilijenga ili lijae."

"Likijaa sana milango itafunguliwa. Watu wa bondeni lazima waambiwe."

"Waambiwe, nani amekataa. Ila neno hilo Mlezi akiliona juu ya meza atauliza, na akiuliza mtu atajibu. Wewe utajibu?"

Kalunde akamsogezea kalamu ya kuandikia vitufe.

"Basi kiiteni mnavyotaka," alisema. "Mradi kikibonyezwa kionyeshe bwawa."

Kikaandikwa Utulivu. Lilikuwa neno zuri, na kila mtu kikaoni akasema hajui kwa nini halikufikiriwa mapema.

*

Ilipofika hatua ya kujaribu, Kalunde alikwenda kwa Bwana Lutengano kuomba ruhusa. Mimi nilikuwemo ofisini, nampaka poda kwa ajili ya picha ya kalenda.

"Mzee, mtambo uko tayari. Naomba nibonyeze kitufe kimoja kimoja, nione kama picha zinabadilika."

"Ubonyeze?"

"Ndiyo, mzee. Kujaribu tu."

"Mhandisi, wewe ukishabonyeza, yeye atazindua nini?"

Wasomaji wa nchi nyingine huenda wasielewe, kwa hiyo nieleze. Kwetu hakuna kitu kinachoanza kabla hakijazinduliwa. Daraja la kaskazini lilikamilika tukiwa vijana, na watu walikuwa wakiogelea pembeni yake, kuku kichwani, mpaka utepe ulipokatwa. Wodi ya wazazi ya mkoa ilikaa tayari na vitanda vyake vipya, na mama mmoja alijifungulia ngazini mbele ya utepe. Mtoto yule anaitwa Utepe, sasa anasoma. Kitu kikiguswa kabla ya mgeni rasmi huhesabiwa kuwa kimetumika, na kumpa Mlezi wa Taifa kitu kilichotumika ni kumvunjia heshima. Ndivyo tulivyo, na watalii wanatusifu kwa kuheshimu wakubwa.

"Mzee, siwezi kujua kama kinafanya kazi bila kukibonyeza," Kalunde alisema.

"Umesoma wapi?"

Akamtajia.

"Na huko kote hawakukufundisha kutumaini?"

Basi akavipanga vitufe vyote kwa kompyuta, kwa mbali, bila kidole chake kugusa hata kimoja. Mvua ilikuwa imeanza kunyesha juu ya bati la chumba cha mitambo na haikukatika tena. Nilimpelekea chai nikamkuta ameketi mbele ya mtambo, mikono ameikunja mapajani, anakitazama kile kitufe cha kona.

"Dada Kalunde, kitafanya kazi?"

"Sijui, kaka," alisema. "Nimefanya yote ninayoyajua, na bado sijui."

Nilimwonea huruma, ingawa mtu wa poda hana la kufanya na huruma yake.

*

Siku ya uzinduzi wageni waliketishwa asubuhi na mapema, kwa kuwa Mlezi wa Taifa alitazamiwa alasiri. Umati wa mawaziri, mabalozi, kwaya, na matarumbeta ulijaa studio mpaka mlangoni. Mtambo ulifunikwa kitambaa cha dhahabu. Waziri wa Mawimbi na Picha, Mheshimiwa Nyanzige, alikuwa amevaa kilemba kirefu hata kamera ikalazimika kurudishwa nyuma. Printa ilifungiwa kabatini. Mbilizi alikuwa ngazini na sikio lake.

Simu ya Kalunde ililia tukiwa ukumbini nje ya studio. Ni Bwana Shomvi wa bwawani, na kwa jinsi mvua ilivyokuwa ikipiga huko alikokuwa, alipiga kelele mpaka nami nikasikia.

"Dada, maji yamefika ukingoni. Nisipofungua, ukuta wote unaondoka. Nafungua leo hii. Nipeni hewa niwaambie watu."

"Mtambo haujazinduliwa, Bwana Shomvi."

"Tumieni mwingine."

"Hakuna mwingine."

"Mimi niko mbele ya kamera tangu alfajiri," alisema. "Nimevaa hadi tai. Mkiniweka hewani tu nitasema. Nitasubiri kadiri ukuta utakavyonikubalia."

Kalunde akaenda kwa Bwana Lutengano akamwomba abonyeze kitufe kimoja tu, sasa hivi, kisha kitambaa kirudishwe na mtu asijue. Bwana Lutengano akamwambia avute subira, Mlezi yuko njiani. Ilikuwa kweli, maana Mlezi wetu huwa njiani daima. Hiyo ni mojawapo ya kaulimbiu za chama.

Akafika hatimaye, mwavuli juu yake, watu wakasimama. Ni mtu mzima mwenye macho ya upole, mikono midogo, na ngozi inayoshika poda vizuri sana. Akaketi mbele ya mtambo, kitambaa kikaondolewa, akatoa hotuba. Alisema wenzetu walioendelea nao walianza na kitufe. Alisema kuna mataifa yana vitufe vingi lakini hayana umoja, na kuna mataifa yana umoja lakini hayana vitufe, na sisi sasa tuna vyote viwili. Kisha akanyoosha kidole, kwaya ikashika pumzi, akabonyeza kitufe kikubwa cha katikati, kilichoandikwa Mlezi.

Taa ikawaka nyekundu. Muhogo ukatoweka. Katika kila skrini ya nchi ikatokea sura yake, mubashara, inang'aa kwa afya na kwa poda yangu. Makofi yalipigwa mpaka bati likatikisika. Nikamwona Kalunde ameegemea ukuta, anashusha pumzi kwa mara ya kwanza tangu masika yaanze. Kimoja kimefanya kazi, kwa hiyo na vingine vitafanya.

Makofi yakaisha. Watu wakasubiri kitu kifuatacho, na kitu kifuatacho hakikuja.

Unajua, ili picha ya Mlezi iondoke hewani ni lazima kitufe kingine kibonyezwe. Na sheria yetu iko wazi: kumwondoa Mlezi wa Taifa hewani kabla hajajiondoa mwenyewe ni kuipindua serikali. Sheria hiyo ilitungwa kwa ajili ya wanajeshi, lakini haikuwataja, kwa hiyo ilimhusu yeyote mwenye kidole. Bwana Chambuso aliitoa mikono yake mezani akaiweka mfukoni. Mheshimiwa Nyanzige akaikalia ya kwake. Aliyebaki ni Mlezi mwenyewe, lakini yeye hakuwa ameonyeshwa namna ya kujiondoa, na hapakuwa na mtu wa kumwonyesha, maana kumwonyesha ni kusema hajui. Kuinuka tu aondoke nako hakukuwezekana. Kiti kingebaki kitupu mbele ya taifa zima, na kiti kitupu kwetu hakionyeshwi hata kwenye tangazo la samani.

Basi akaendelea kuketi. Alirudia hotuba. Aliwasalimu wazee, akawasalimu vijana, akawasalimu wagonjwa mahospitalini. Alijitazama kwenye skrini, na yule wa kwenye skrini akamtazama. Jasho likaanza kumtoka, nikaitwa. Nilipoinama na poda yangu akafunika kipaza sauti kwa kiganja.

"Kitu hiki kinaishaje?" aliniuliza, bila kuchezesha midomo sana.

"Sijui, Mheshimiwa," nilisema, nikampaka tena. Macho yake yalikuwa ya mtu aliyefungiwa stoo. Mimi mtu wa poda ningemjibu nini?

*

Simu ya Kalunde ililia tena. Bwana Shomvi alikuwa anafungua.

Kalunde akapenya katikati ya mabalozi mpaka kwa Bwana Chambuso, akainama akamwambia maneno haya, nami niliyasikia: bwawa limejaa kupita kiasi, milango inafunguliwa sasa, watu wa Bonde la Chini wahame wapande mlimani, la sivyo watakufa.

Sasa kuna desturi yetu nyingine, kongwe kuliko bendera. Anayepeleka habari juu lazima aondoe neno chungu moja kabla ya kuipandisha, kama unavyomtolea mzee mwiba kwenye samaki. Mtoto anafundishwa hilo nyumbani, na asiyelijua hapandi cheo. Bwana Chambuso alifikiri, akaondoa kufa, maana si neno la kutamkwa kwenye sherehe. Akamnong'oneza Bwana Lutengano: bwawa limejaa kupita kiasi, milango inafunguliwa, watu wa Bonde la Chini wahame. Bwana Lutengano akaona watu hawawezi kuhama katika nchi yenye Mlezi, akaondoa kuhama. Mheshimiwa Nyanzige akapokea kwamba bwawa limejaa kupita kiasi na maji yanakwenda Bonde la Chini. Yeye akaondoa kupita kiasi, kwa sababu serikali hupanga kiasi. Nyuma ya kiti cha Mlezi hukaa Mnong'onezi Mkuu, mzee mmoja mkavu ambaye hajawahi kuonekana kwenye picha. Naye, akiwa hana tena neno chungu la kuondoa, aliongeza shukrani.

Niliyafuata maneno yale kutoka mdomo hadi mdomo, kwa kuwa nilikuwa nazunguka na kopo langu, na naapa hapo hapakuwa na mwongo.

Mlezi wa Taifa akasikiliza. Uso wake ukafunguka. Hatimaye alikuwa amepata jambo la kusema.

"Ndugu zangu wa Bonde la Chini," alisema, na sauti ikaenda nchi nzima, kwa runinga na kwa redio. "Mmelia maji tangu uhuru. Mlipiga kura mkilia maji, mkapokea wageni mkilia maji. Leo nimeletewa habari kwamba maji yako njiani yanawajia. Naagiza asiondoke mtu nyumbani kwake. Toeni vyombo nje, yapokeeni kwa utulivu."

Mheshimiwa Nyanzige alianzisha makofi.

Kalunde alitoka mbio hadi ukumbini, nami nikamfuata bila kujua namfuatia nini. Alikuwa amekwisha kupiga simu kwa mama yake. Upande wa pili palikuwa na kelele za watu wengi, kwa sababu runinga ya mtaa mzima ni ile ambayo Kalunde mwenyewe alimnunulia mama.

"Mama, tokeni hapo. Pandeni mlimani, sasa hivi, acheni kila kitu."

"Kupanda tena, mwanangu? Hukumsikia Mlezi? Kasema asiondoke mtu."

"Mama, hayo maji siyo ya bomba. Ni bwawa. Milango imefunguliwa."

"Ingefunguliwa, Shomvi si angetokea akasema? Shomvi hatujamwona."

"Mama, ni mimi nakwambia."

"Najua ni wewe." Mama alishusha sauti, kama anayejificha wenzake. "Lakini na yule ni yule, Kalunde. Nikiwaondoa watu hapa, kesho bomba likapelekwa kwingine, nitawaambia nini? Watasema ni mimi. Tulia. Nimetoa ndoo zote, na lile sufuria la harusi yako nimelitoa."

Kalunde alirudi studio na simu sikioni, akapita mbele ya mabalozi, akapita mbele ya Waziri, akafika kwenye mtambo. Hakuna aliyemzuia, kwa kuwa hakuna aliyeamini. Mlezi wa Taifa alimtazama, na mimi niliyekuwa karibu nawaambia kwamba alikiondoa kiganja chake kando, ampishe. Kidole cha Kalunde kikabonyeza kitufe cha kona.

Kilifanya kazi. Amri ikapita kwenye waya, ikapita sikioni mwa Mbilizi, ikafika chini, na picha ya Mlezi ikaondoka katika skrini zote kwa unyenyekevu. Ikaja ofisi ya bwawa. Kiti kilikuwepo, kipaza sauti kilikuwepo. Bwana Shomvi hakuwepo. Alikuwa amefungua milango, akachoka kungoja hewa, akapanda baiskeli kwenda kuwaambia watu mwenyewe kwa mdomo. Nyuma ya kiti kulikuwa na dirisha, na dirishani maji yalikuwa yanatoka katika milango yote kwa pamoja, ya rangi ya udongo, bila sauti.

Studio nzima ilinyamaza, na ndani ya kimya kile tukamsikia mama kwenye simu.

"Haya, tumeyaona," alisema, na nyuma yake watoto walikuwa wanapiga makofi. "Ni mengi, mwanangu. Yatatutosha."

"Mama, kimbieni," Kalunde alisema. "Kimbieni, Mama."

"Hata huku tunayasikia," mama alisema, na simu ikakatika.

*

Kalunde hakushtakiwa. Wanasheria walikaa wakaona kwamba wakimshtaki kwa kupindua serikali itabidi wakubali kwamba serikali ilipinduliwa, na kwamba kwa muda ule nchi ilitawaliwa na kiti kitupu. Ikatangazwa kuwa Mlezi wa Taifa aliyapisha maji kwa hiari yake. Yeye mwenyewe, picha ilipobadilika tu, aliinuka akaenda msalani akiwa amemshika Mnong'onezi mkono, na nadhani mpaka leo anamshukuru Kalunde moyoni. Mbilizi aliandika kwamba waya haukusema kitu.

Habari za Bonde la Chini zilipanda ngazi kwa desturi ileile, na zilipofika juu bonde lilikuwa limepata maji. Nilipomsikia msomaji wa habari akilisema hilo, nikiwa na poda yake mkononi, nililia. Nikaambiwa ninalia kwa furaha, nikakubali.

Siku iliyofuata Kalunde alisimama mbele ya meza ya Bwana Chambuso kuomba ruhusa, kwa kuwa mhandisi wa mtambo haruhusiwi kutoka mjini bila ridhaa ya juu kabisa. Alisema: naomba niende nikautafute mwili wa mama yangu, amechukuliwa na maji. Bwana Chambuso, ambaye macho yake yalikuwa mekundu, alipandisha kwamba Mhandisi anaomba akamtafute mama yake, amechukuliwa na maji. Bwana Lutengano akapandisha kwamba anaomba akamtafute mama yake, bondeni. Waziri akapandisha kwamba anaomba akamwone mama yake.

Jibu lilishuka jioni hiyohiyo, na majibu ya juu yakishuka hayapunguzwi hata neno. Mlezi wa Taifa alisema anaruhusiwa kwa moyo wote, kwa maana mzazi ni mzazi, na ampelekee mama salamu zake.

Kalunde aliinama akazipokea salamu kwa mikono miwili, inavyotakiwa, akaondoka nazo kwenda bondeni.